Mtalaka katika orodha ya mishahara: Tunamdanganya nani?

SIKU moja baada ya swala ya Alasiri, hapa Moshono, alinijia mama mmoja ambaye watoto wake wawili nimewasomesha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Baada ya salamu akaniambia: "Mwalimu, nimeambiwa nisaini karatasi hizi leo leo. Sijui nikisaini nitakuwa nimekosea, au nisiposaini watoto wangu watakula nini."

Ndani ya bahasha zilikuwamo vocha za mishahara za miezi ishirini na nne. Zilionyesha kuwa mama yule ni "mshauri wa mauzo" katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na kwamba amekuwa akilipwa shilingi laki tano kila mwezi. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Iliyobaki ilikuwa saini tu.

Ndugu msomaji, kampuni hiyo ni ya aliyekuwa mume wake pamoja na wadogo zake wawili. Mama yule alikuwa ameachika zaidi ya miaka miwili kabla ya siku hiyo. Edda ilikwisha, na tangu talaka hajakanyaga dukani. Laki tano alikuwa akizipata kweli, kila mwezi, kwa njia ya simu. Lakini zilikuwa ni matunzo ya watoto pamoja na kile ambacho mume aliahidi mbele ya wazee siku ya kuachana. Mhasibu wa kampuni alizipitisha kwenye hesabu kama mshahara ili zipunguze kodi. Sasa maafisa wa kodi walikuwa wameomba kuona vielelezo, na vielelezo havikuwapo.

Nakiri kosa langu mbele ya wasomaji. Jibu langu la kwanza lilikuwa: "Mama, saini tu. Mambo ya kodi waachie wenye kampuni, wewe angalia riziki ya watoto."

Akaniangalia, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, mimi nilikaa katika duka lile miaka tisa. Nilifungua asubuhi, nikaandika leja, nikafunga Magharibi. Sikuwahi kusaini mshahara hata wa mwezi mmoja. Leo nakaa nyumbani ndiyo nisaini?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliufuta ushauri wangu pale pale, nikamwomba anipe siku mbili. Makala haya ni matokeo ya siku mbili hizo na miezi iliyofuata. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane, kwani lengo si kumuumbua mtu. Lengo ni kwamba jambo hili limeenea katika biashara zetu za kifamilia, na wengi tunaliona kuwa ni ujanja wa kawaida wa mjini.

Duka halikuoa

Tuanze na sheria ya nchi, maana hapo ndipo mhasibu alipoanzia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kupunguza katika mapato yake yale matumizi ambayo yametumika kikamilifu, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Mshahara wa muuza duka, pango la ghala, mafuta ya gari linalopeleka saruji na mabati, yote hayo yanapunguzwa. Lakini sheria hiyo hiyo inayaweka kando matumizi ya mtu binafsi, yaani yale ya kujitunza mwenyewe, kuitunza familia yake na mambo mengine ya nyumbani kwake. Hayo hata yawe ya lazima kiasi gani, si gharama za biashara.

Atatokea mtu aseme: "Kwani matunzo si wajibu wa kisheria? Si hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mume atoe matunzo?" Ni kweli kabisa. Lakini tujiulize, ni wajibu wa nani? Ni wajibu wa mume na baba. Duka halikuoa wala halikuacha. Duka halina mtoto anayekwenda shule Moshono. Mwenye deni ni mtu, naye hulilipa kwa mali yake baada ya kuipata, na baada ya mali hiyo kulipiwa kile kinachotakiwa kulipiwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Laki tano kwa miezi ishirini na nne ni shilingi milioni kumi na mbili. Kampuni hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida. Kwa kuziita milioni kumi na mbili hizo "mshahara", kampuni ilipunguza kodi yake kwa shilingi milioni tatu na laki sita. Hapo unatoa makato madogo ya mshahara ambayo mhasibu alikuwa akiyapeleka ili mambo yaonekane sawa. Hiyo ndiyo bei ya saini ya mama yule.

Zipo nchi zilizopanga vingine. Marekani, tangu mwaka 1942, ilimruhusu anayemlipa mtalaka wake matunzo kuyapunguza katika mapato yake, na mtalaka ndiye aliyeyalipia kodi. Matunzo ya watoto hayakuwamo. Sheria iliyopitishwa huko Desemba 2017 ikauondoa utaratibu huo kwa talaka zilizotolewa baada ya mwaka 2018. Nautaja mfano huu kwa sababu moja. Nafuu ikitolewa na sheria waziwazi, kuitumia hakuna ubaya. Mmarekani wa mwaka 2000 aliyepunguza matunzo hakumdanganya mtu, kwani aliyaita matunzo na sheria ikamkubalia. Ubaya unaanza pale ambapo sheria haikukupa nafuu, nawe ukajitengenezea kwa kubadilisha jina la kitu.

"Lakini kodi ni dhulma"

Nilipokwenda kuonana na mzee mwenye duka, na Allah amjaalie kheri kwani alinipokea vizuri, hoja yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mwalimu, wewe ni mtu wa dini. Unajua kuwa kodi ni maks, na maks ni haramu. Mimi natoa zaka. Nikipunguza kidogo cha serikali nina dhambi gani?"

Hoja hii tunaisikia kila siku Kariakoo, Arusha mjini na kwingineko. Tusiidharau. Hadithi zinazomkemea vikali mtoza maks zinafahamika. Lakini wanachuoni hawakuishia hapo. Imamu Ghazali na Imamu Shatibi walikubali kiongozi atoze katika mali za wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ipo. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake mashuhuri kuhusu fiqhi ya zaka, ameeleza kuwa kodi inajuzu kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni uadilifu katika kuitoza na katika kuitumia. Anayelalamika kuwa kodi zetu hazitumiki kwa uadilifu ana haki ya kulalamika, kuandika na kuwahoji viongozi.

Mjadala huo sitaki kuufunga. Nasema tu kwamba hata anayeshika kauli ngumu kuliko zote amebaki na swali jingine la kujibu. Ni aya ipi au hadithi ipi inayomhalalishia kumtaka mwanamke asiye na kazi aandike kwa mkono wake kuwa ana kazi? Kama kodi ni halali au si halali, wanachuoni wanajadiliana. Ushahidi wa uongo haujadiliwi. Mtume (s.a.w.) aliuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa, katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Na anayebebeshwa uongo huo hapa si mwenye duka. Ni yule dhaifu ambaye akikataa, watoto wake watalala na njaa.

Shilingi moja, madeni mawili

Mzee yule hakuridhika upesi, nami sikumlaumu. Nikamuuliza swali analolijua: "Mzee wangu, ile laki tano unayompa mama watoto, unaweza kuihesabu kuwa ni zaka ya duka lako?"

Akacheka. "Hapana Mwalimu. Watoto ni wajibu wangu. Nitawalishaje watoto wangu kwa zaka yangu?"

Naam. Hili hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanalielewa. Zaka haitolewi kwa yule ambaye kumlisha ni wajibu wako, wala hailipi deni unalodaiwa. Mtalaka akiwa fakiri baada ya edda, unaweza kumpa zaka kama fakiri mwingine. Lakini kama unamdai yeye ni fakiri ilhali wewe hujamlipa mahari yake au kiliwazo chake, kwanza mlipe haki yake. Ukilipa deni lako kisha ukaliita zaka, umetumia shilingi moja kulipia madeni mawili, na mafakiri wamekosa chao.

Basi kupitisha matunzo katika hesabu za kampuni ni mlango ule ule. Ni shilingi moja inayotaka kulipa deni la baba kwa wanawe, na papo hapo itumike kupunguza deni la kampuni kwa umma. Anayeuona ubaya wa jambo hili katika zaka, kwa nini asiuone katika kodi? Tofauti ni kwamba katika zaka tunamwogopa Allah (s.w.), na katika kodi tunaogopa afisa tu. Afisa asipokuja, tunajiona salama.

Kuna na jambo la wadogo zake wawili. Kampuni ni ya watatu. Kila mwezi laki tano ilitoka katika mali ya shirika kulipa wajibu wa mmoja wao, na vitabu vikasema ni mshahara. Wadogo walijua? Mmoja alijua, mwingine hakujua. Katika hadithi Qudsi iliyopokelewa na Abu Daud tunafundishwa kuwa Allah yuko pamoja na washirika wawili maadamu mmoja hajamhini mwenzake. Familia ngapi zimegombana baada ya mazishi, warithi walipofungua vitabu na kukuta majina wasiyoyaelewa?

Haki iliyovalishwa jina la uongo

Mpaka hapa tumezungumzia waliopunjwa kwa mbali. Aliyepunjwa kwa karibu ni mwanamke mwenyewe, na mimi nililichelewa kuliona hili.

Qur'an imezitaja haki za mtalaka kila moja kwa jina lake. Katika Suratut-Talaq (65:6-7) yametajwa makazi wakati wa edda, matumizi ya mwenye mimba, na ujira wa mama anayemnyonyesha mtoto baada ya talaka, kila mtu kwa uwezo wake. Katika Suratul-Baqara (2:233) umetajwa wajibu wa baba juu ya chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Na katika sura hiyo hiyo (2:241) kimetajwa kiliwazo cha mtalaka, yaani mut'a, ambayo si ile ndoa ya mut'a. Ni kitoweo cha heima anachopewa mwanamke anapoachwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba kiliwazo hiki ni wajibu hata kwa mke aliyekwisha kuingiliwa. Ni wanaume wangapi wanalijua hili? Ni masheikh wangapi tunawaambia?

Haki inapoitwa kwa jina lake, inadaiwa kwa jina lake. Matunzo ya watoto hayakomi kwa sababu duka limefanya vibaya mwezi huu. Huenda yakapungua kwa kadiri ya uwezo wa baba, lakini hayafutwi. Mshahara je? Mshahara una barua ya kuachishwa kazi. Siku mume akioa mke mwingine, au ndugu zake wakichoka, kampuni "itapunguza wafanyakazi", na mama wa watoto atakuwa wa kwanza kupunguzwa. Akienda baraza la usuluhishi au mahakamani kudai matunzo, ataonyeshwa saini zake mwenyewe: "Huyu alikuwa mfanyakazi wetu, tulimlipa mshahara." Matunzo ya miezi ishirini na nne yatakuwa yamepotea kwenye karatasi, ilhali pesa zilitolewa kweli. Hata mume mwenyewe atakuwa amejipoteza, maana hatakuwa na ushahidi kwamba aliwahi kuwatunza wanawe.

Kwa hiyo uongo huu unaoonekana mdogo haumdanganyi afisa wa kodi peke yake. Unamgeuza mwenye haki kuwa mwajiriwa wa kufikirika, na unamgeuza baba anayetunza wanawe kuwa bosi.

Miaka tisa

Narudi kwenye maneno ya mama yule, kwa sababu ndiyo yaliyoninyima usingizi. Alipofanya kazi hakuwa mfanyakazi. Alipoacha kazi akafanywa mfanyakazi.

Miaka tisa ya kufungua duka na kuandika leja ilikuwa nini? Kama ilikuwa hisani ya mke kwa mumewe, hiyo ni hisani, na Allah atamlipa. Lakini yeye anasema walikubaliana kwa mdomo kwamba duka ni "letu". Kama ni hivyo, basi kuna shirika au kuna ujira, na wanachuoni wanajua ujira wa mfano kwa kazi ambayo malipo yake hayakutajwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la miaka tisa limekauka zamani.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini msingi ule umewafaa wanawake wengi waliokuja baada yake. Ikiwa kupika na kulea kunahesabiwa, seuze kuandika leja ya duka?

Na hapa mhasibu angepata mshahara wa kweli wa kuuandika. Kama wenye kampuni wangekaa na mama yule wakakubali kuwa alifanya kazi, wakakadiria ujira wake na kumlipa, hayo yangekuwa malipo ya kazi iliyozalisha mapato. Wangeyaandika kwa jina lake, wakayakata kodi yake, na hakuna ambaye angehitaji kuogopa.

Njia iliyonyooka

Basi mwenye biashara afanyeje? Sioni ugumu mkubwa.

Kwanza, achukue chake katika kampuni kwa njia inayojulikana, kama mshahara wa kazi anayoifanya kweli, au kama gawio la faida, ambalo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Baada ya hapo pesa ni yake. Amlipe mtalaka wake kutoka mfukoni mwake, au akaunti yake, na aandike kuwa ni matunzo.

Pili, makubaliano yaandikwe. Tangu mahakama za Kadhi zilipoondolewa Tanzania Bara kwa sheria ya mwaka 1963, talaka zetu nyingi huishia kwa wazee au kwa sheikh wa msikiti, na ahadi hubaki mdomoni. Lakini kukosa Kadhi mwenye nguvu ya kisheria hakutuzuii kushika kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Iandikwe kando kando: hiki ni cha watoto, hiki ni kiliwazo, hiki ni bakaa ya mahari, hiki ni ujira wa kazi.

Tatu, kama anataka kumpa kiwanja au nyumba, asikimbilie hati za uongo za mauzo. Sheria ile ile ya kodi ya mwaka 2004 imewakumbuka waliotalikiana. Mali ikihamishwa kwa mtalaka kama sehemu ya makubaliano ya talaka, na mtalaka akachagua hivyo kwa maandishi, uhamisho huo huhesabiwa kwa gharama ya mali, na si kana kwamba aliyetoa amepata faida. Nafuu hiyo ipo kwa anayesema kweli na kuandika.

Na wanawake nao wasisaini wasichokijua. Dada yangu, saini yako ni ushahidi wako. Ukiambiwa ni "karatasi za kawaida tu", omba upewe siku mbili, kama alivyofanya mama huyu.

Mwisho wa kisa hiki si mzuri wote. Mama yule hakusaini. Miezi miwili hakuletewa kitu, na ada ya watoto ilichangwa na kaka yake. Kisha tukakaa, wazee wawili, kaka yake, mume na wadogo zake. Kampuni ilikwenda kurekebisha hesabu na kulipa kodi iliyopungua pamoja na nyongeza zake. Matunzo yakaandikwa, na sasa yanatoka kwa baba mwenyewe. Lakini mpaka naandika makala haya, miaka tisa haijapatiwa jibu. Mdogo mmoja anasema alipwe, mwingine anasema yule alikuwa mke tu.

Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara (2:237) anawakumbusha wanaoachana wasiusahau wema uliokuwapo baina yao. Naona wema wa kwanza ni kukiita kila kitu jina lake. Dawa ya deni ni kulipa, na hulipwi deni ambalo mdaiwa amekataa hata kulitaja.

Wabillahi Tawfiq.